Steshenari ya karibu na stendi ya Mbezi: wanachapa vizuri, ila kagua mwaka wa sheria

Kama una ndugu kijijini wanaosimamia mradi wa maji, steshenari hii ya jirani na stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, itakufaa. Nilikwenda kuchapisha sheria ya maji niitume Handeni, ambako kaka yangu yumo kwenye kamati ya watumia maji. Huko wananchi wanauliza fedha za magati, yaani vituo vya kuchotea maji, zinakwenda wapi, na kila anayesimama mkutanini husema "sheria inasema" wakati hakuna aliyeishika.

Uchapaji ni safi, shilingi 100 kwa ukurasa, na spairo yao haikatiki ovyo. Kijana wa pale aliniamkia, "Shikamoo mama," kisha akauliza watakaosoma ni akina nani. Niliposema wazee, akakuza maandishi bila kuombwa. Nilifurahi sana.

Kasoro yao ni kubwa, tena haihusu mashine. Nilipotaja sheria ya maji walifungua faili waliyokuwa nayo kwenye kompyuta: Sheria Na. 12 ya 2009. Hiyo ilishafutwa! Inayotumika ni Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira, Na. 5 ya 2019. Ndiyo iliyoanzisha RUWASA, wakala ulioanza kazi Julai 2019 na kuchukua usimamizi wa maji ya vijijini kutoka kwa halmashauri. Ndiyo pia inayotaka vyombo vya watumia maji viwe na wataalamu wa ufundi na uhasibu, na hapo ndipo penye ugomvi wa Handeni. Kijiji kikishika ile ya 2009, kitapeleka malalamiko kwenye mlango usiohusika.

Kijana alipakua ya 2019 na karatasi zilizoharibika hakunidai. Nakala ni ya Kiingereza, kwa hiyo vifungu muhimu nilimwandikia kaka Kiswahili pembeni kwa peni. Niliongeza na ukurasa wa Sera ya Maji ya 2002 wenye viwango: lita 25 kwa mtu kwa siku, umbali usiozidi mita 400, kituo kimoja kwa watu 250. Akaubandike pale gatini.

Wenye duka, ile faili ya 2009 ifuteni, au iandikeni wazi kuwa imefutwa. Wateja wenu wengi wanatoka hapo moja kwa moja kupanda basi, na wakifika kijijini hawana pa kuibadilisha.