Karatasi za nasaba yetu mikononi mwa fundi wa Firenze: tathmini ya huduma

Mwezi Februari mwaka jana nilizipeleka Firenze, Italia, karatasi 12 za familia yetu, nasaba 3 na barua 9 zilizoandikwa kwa Kiswahili katika hati ya Kiarabu, kwenye karakana ndogo inayotengeneza karatasi na vitabu vya zamani katika eneo la Oltrarno, ng'ambo ya kusini ya mto Arno. Naieleza huduma niliyoipata kwa ajili ya wale wenye maandishi ya wazee wao katika masanduku ya nyumbani, hasa ndugu zetu wanaoishi Ulaya, ambao wanaona karatasi zinazidi kukatika kila zinapofunguliwa na hawajui nani wa kuzikabidhi.

Fundi ni mama wa Kiitaliano aliyesomea kazi hii Firenze, kisha akakaa Japani miaka miwili akijifunza kwa watengenezaji wa karatasi. Kabla ya kuniuliza chochote kuhusu familia yetu aliiinua nasaba ya kwanza kwenye mwanga wa dirisha, akanionyesha alama ya maji, yaani chapa ya kiwanda iliyo ndani ya karatasi yenyewe, ambayo sisi wenyewe hatukuwahi kuiona kwa vizazi vyote hivyo: hilali tatu zilizopangwa kwa mstari, kutoka kubwa hadi ndogo. Alama hiyo iliwekwa na viwanda vya Veneto na Friuli, kaskazini-mashariki mwa Italia, kwenye karatasi zilizotengenezwa kwa ajili ya masoko ya dola ya Uthmaniya, na kupitia biashara ya Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi zikafika hadi pwani yetu. Misahafu ya Siyu, katika kisiwa cha Pate, ni miongoni mwa maandishi yaliyotumia karatasi ya Italia ya namna hiyo. Karatasi niliyodhani naipeleka ugenini nilikuwa ninairudisha karibu na ilikozaliwa.

Ubora wa huduma hii unaanzia hapo, kwa sababu fundi asiyejua karatasi iliyo mbele yake imetengenezwaje hawezi kuitibu. Karatasi ya zamani ya Italia, kwa ufundi uliokomaa katika mji wa Fabriano tangu karne ya 13, ilitokana na matambara ya kitani na katani (hemp, si mkonge) yaliyopondwa kwa nyundo zilizoendeshwa na maji, kisha ikachovywa katika gelatini ya ngozi za wanyama ili wino usienee. Ni karatasi ngumu, yenye mlio ukiitikisa, na ingeweza kuishi karne nyingine bila shida kama sisi wenyewe tusingeidhuru. Barua 4 zilikuwa zimekatika kwenye mikunjo, wadudu walikuwa wametoboa nasaba ya pili, na wino wenye chuma ulikuwa umeanza kuila karatasi mahali kalamu ilipokandamizwa. Baya zaidi lilikuwa selotepu ambayo mjomba aliibandika kwa nia njema, nayo ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia na gundi yake imezama ndani ya nyuzi. Fundi aliniambia waziwazi kwamba nusu ya malipo yangu ingekuwa ni ya kuitoa selotepu hiyo, na ndivyo ilivyokuwa.

Dawa ya majeraha hayo ilitoka Japani. Karatasi anayoitumia hutengenezwa kwa gome la ndani la kozo, mti ulio jamaa wa mforsadi, ambalo huchemshwa, husafishwa takataka moja moja kwa mkono ndani ya maji baridi, kisha hupondwa ili nyuzi ziachane bila kukatwa. Nyuzi hizo huweza kufikia takriban milimita 10, urefu unaozidi kwa mbali nyuzi za mbao zilizomo katika karatasi tunazoandikia ofisini. Katika maji huchanganywa ute wa mizizi ya tororo-aoi, mmea wa ukoo mmoja na bamia, na yeyote aliyewahi kupika mlenda ataelewa mara moja kazi ya ute huo: unazifanya nyuzi zielee polepole bila kushikana mabonge, hivyo fundi hupata muda wa kulitikisa chekeche lake mara nyingi na kuzilaza tabaka juu ya tabaka. Nilishikishwa kipande cha karatasi ya tengujo, ambayo mkoa wa Kochi unasifika kwayo, chenye uzito wa gramu 2 kwa mita ya mraba, ilhali karatasi ya kawaida ya mashine ya kuchapia ina gramu 80. Nilipokiweka juu ya barua niliyasoma maneno yote kana kwamba hakuna kitu kilichowekwa, na nilipokivuta kwa vidole viwili hakikukatika. Mwaka 2014 UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika ufundi wa karatasi wa Sekishu-Banshi, Honminoshi na Hosokawa-shi, na baada ya kukishika kipande kile sikuhitaji kuelezwa sababu.

Kuhusu kazi yenyewe, nilikaa karakanani saa tatu siku ya kwanza na sikuona haraka ya aina yoyote. Fundi hakati kiraka kwa mkasi, kwani ukingo uliokatwa huacha mstari unaokuja kuivunja karatasi ya zamani mahali papo hapo. Anachora umbo la tundu juu ya karatasi ya Kijapani kwa brashi yenye maji, kisha anaivuta karatasi taratibu hadi nyuzi zichomoze pembezoni kama manyoya, na manyoya hayo ndiyo yanayoshika. Gundi yake ni wanga wa ngano aliouchemsha na kuuchuja mwenyewe, ambao fundi wa kesho anaweza kuulegeza kwa unyevu kidogo iwapo ataona njia bora zaidi. Kila wino aliujaribu kwanza kwa tone dogo kuliko kichwa cha pini. Penye wino wenye chuma hakupaka gundi mbichi hata kidogo, kwa sababu unyevu mwingi huusambaza uharibifu kwenye karatasi iliyo salama. Alitumia vipande vya tengujo vilivyopakwa gundi mapema na kukauka, akaviamsha kwa unyevu mdogo sana. Uangalifu wa namna hii ndio ninaoulipia kwa moyo mmoja.

Si ajabu kwamba nililipata hili Firenze. Tarehe 4 Novemba 1966 mto Arno ulifurika ukaingia katika Maktaba Kuu ya Taifa, na kazi ya miaka mingi ya kuokoa vitabu vilivyojaa matope iliufanya mji huo kuwa shule ya mafundi wa karatasi, ambao kwao karatasi ya Japani ni kifaa cha kila siku. Njia hiyo kati ya Italia na Japani watu wameipita pande zote mbili, tena kwa muda mrefu. Mchongaji Edoardo Chiossone, aliyezaliwa Arenzano karibu na Genova mwaka 1833, aliitwa na serikali ya Japani akafika mwaka 1875, akaingia katika kazi ya kutengeneza noti za nchi hiyo na kuwafundisha Wajapani uchongaji wa mabamba ya shaba kwa namna ya Kiitaliano. Picha ya Malkia Jingu kwenye noti ya yeni 1 ya mwaka 1881 ni kazi yake. Alifia Tokyo mwaka 1898, na sanaa za Kijapani alizozikusanya ziko Genova katika jumba la makumbusho lenye jina lake. Mwenye nafasi ya kusafiri kwenda Firenze kwa shughuli kama yangu asiache kupita Genova.

Sasa niseme kasoro, maana zipo. Niliahidiwa wiki 5, nikangoja wiki 9, na katika muda huo ni mimi niliyepiga simu kila mara. Gharama ilikuwa euro 640, ambayo kwa saa za kazi nilizoziona ni ya haki, lakini karatasi ya bei haikutenganisha kazi na vifaa hadi nilipoomba. Ripoti, ambayo ni nzuri na ina picha za kila ukurasa kabla na baada, imeandikwa kwa Kiitaliano peke yake, na ndugu zangu wa Mombasa ilibidi niwatafsirie. Kiraka kimoja katika barua ya sita kimetiwa rangi iliyozidi njano. Chini ya taa hakionekani, lakini mchana kinajionyesha. Mwisho, karakana haikatii bima mzigo unaotumwa kwa posta, kwa hiyo jiandae kwenda mwenyewe kupeleka na kuchukua.

Jambo moja lilileta ubishi nyumbani. Katika nasaba ya pili wadudu walikula jina la tatu, na mama yangu, ambaye analijua jina hilo tangu utotoni, alitaka liandikwe upya juu ya kiraka. Fundi alikataa. Alisema kwamba kazi yake ni kuirudishia karatasi nguvu, si kuandika kwa niaba ya aliyeandika, na kwamba kama tulilijua jina basi tuliandike kwenye karatasi nyingine iwekwe pamoja na ile. Mwanzoni niliona ni ukaidi. Siku nilipozichukua karatasi zetu aliiweka nasaba hiyo juu ya kioo chenye taa chini yake, na hapo niliona hilali tatu za Italia, kando yake nyuzi ndefu za kozo zikiwa zimelala kama wingu jembamba, na katikati ya wingu hilo mahali patupu, pasipo na herufi hata moja. Mama ameliandika jina kwa mkono wake kwenye karatasi mpya, na zote mbili ziko katika boksi moja lisilo na asidi, mbali na jua, kama tulivyoagizwa.