Mionzi pamoja na vidonge vya kansa ya mapafu kwa mama yangu: nyota nne

Naandika kwa sababu tulipoanza nilitafuta mtu wa huku Tanga anielezee kwa kiswahili sikumpata. Mama tunakaa nae Ngamiani, alikohoa muda mrefu, tulikoenda kwanza wakamweka kwenye dawa za TB, miezi ikaenda. Asubuhi moja ananiambia "mwanangu mbona kikombe hiki kizito", naangalia chai inamwagika, mkono wa kushoto hauna nguvu. Kumbe kansa ya mapafu imeshapanda kwenye ubongo.

Tukapanda basi la alfajiri pale Kange hadi Dar. Hospitali niliyoipa nyota ndio hii, madaktari watatu walikaa na sisi wakachora kwenye karatasi kipi kinaanza kipi kinafuata. Kwanza deksa (dexamethasone), dawa ya kushusha uvimbe wa ubongo, siku ya tatu kichwa kikatulia. Kisha mionzi ya kichwa kizima, mara 10, jumatatu mpaka ijumaa kwa wiki mbili, mwenyewe haumii ila ile maski ya plastiki wanailainisha kwenye maji ya moto wanamkandia usoni ikauke, kila akitoka ana alama za vitundu kwenye paji la uso. Halafu kidonge cha osimertinib miligramu 80 kila siku, maana kipimo cha vinasaba kilionyesha kansa yake ina badiliko la EGFR, ndilo kidonge hiki kinalolilenga, na mama hajavuta sigara maisha yake yote.

Niliuliza kwanini vyote, wakasema ubongo una ukuta unaozuia dawa nyingi, hata dripu nyingi hazifiki vizuri, lakini kidonge hiki kinapenya na kinashika mapafu pia. Kuna wagonjwa madoa ya kansa kwenye ubongo ni madogo na hawana dalili wanaanzishiwa kidonge peke yake, mionzi inawekwa akiba. Wa kwetu mkono ulikuwa umeshalegea.

Nyota moja nimeitoa kwa mambo mawili. Majibu ya vinasaba yalichukua wiki tano, na hakuna aliyetuambia deksa inapandisha sukari, mama ana kisukari, tumerudi Tanga tunapima 22!! Na deksa usiiache ghafla jamani, inapunguzwa kidogo kidogo, daktari ndo apange.

Sasa hivi nywele zimenyonyoka na anachoka haraka, ila kikombe anashika mwenyewe. Wakimkata mgonjwa wako kinyama cha kupima, siku hiyohiyo uliza kama na vinasaba wanapeleka.