Bwawa la asili kwenye nchi ya baridi: uzoefu wangu

Kila anayeliona bwawa langu huuliza kwanza habari za barafu. Hakuna anayeuliza habari za majani, na majani ndiyo yanayonitoa jasho.

Ni bwawa la kuogelea la asili, aina iliyoanza kuenea kutoka Austria miaka ya 1980. Halitiwi klorini wala chumvi. Upande mmoja ni wa kuogelea, upande wa pili ni kina kifupi chenye kokoto, matete na yungiyungi. Pampu hupitisha maji taratibu kwenye kokoto, bakteria walioshikamana na mawe hula uchafu, na mimea hunyonya virutubisho vinavyobaki. Unatoka majini macho hayawashi na ngozi hainuki dawa. Hapo sina la kulalamika.

Barafu yenyewe haina makuu. Maji huwa mazito zaidi yakifikia nyuzi 4 za Selsiasi, kwa hiyo hayo hukaa chini na barafu huelea juu. Bwawa likiwa na kina cha kutosha, mizizi ya yungiyungi hulala salama. Shida ni kwamba maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9. Kingo za bwawa langu zimelala, hivyo barafu hupata pa kupandia badala ya kusukuma ukuta. Kabla ya baridi kali nazima pampu na kukausha mabomba yote. Bomba lililobaki na maji litapasuka tu. Watoto nao ni marufuku kukanyaga barafu hata ionekane nene vipi, maana theluji huficha sehemu dhaifu.

Sasa majani. Jani likizama huoza, likioza hutoa fosforasi, na fosforasi ndiyo chakula cha mwani. Wajenzi wa mabwawa haya hutaka isizidi miligramu 0.01 kwa lita, kiasi kidogo mno, kwa hiyo kila jani lina hesabu yake. Miti ikianza kupukutisha natandaza wavu juu ya bwawa zima. Kisha navaa suruali ya mpira inayofika kifuani, naingia kwenye maji ambayo tayari yanauma, na kukata matete. Hukatwa juu ya usawa wa maji, kwa sababu mabua hupeleka hewa mizizini. Ukiyakata chini ya maji, mmea unaweza kufa. Mabua yote lazima yatoke nje, la sivyo kazi ni bure. Aliyeniuzia alisema bwawa hili “halihitaji matunzo”. Nadhani yeye hana bwawa lake.

Msimu wa machipuko maji huchafuka kijani kwa muda, kwani mwani huamka kabla ya mimea. Usikimbilie dawa ya kuua mwani, itadhuru na bakteria unaowategemea. Subiri matete yachipue. Samaki pia usiweke, hata wageni wakikushawishi vipi: kinyesi chao ni mbolea. Na pima fosforasi ya maji ya bomba kabla ya kuongezea, maana baadhi ya mamlaka za maji hutia fosfeti, yaani kemikali yenye fosforasi, ili kulinda mabomba.

Ukiwa mtu wa bustani, utalipenda. Lakini kama kiwanja chako kimezungukwa na miti mikubwa inayopukutisha na huna nia ya kuikata, chukua la klorini.