Uzoefu wangu: mwaka mmoja na nusu na kituo cha kulelea watoto mchana, Vingunguti

Naandika haya kwa ajili ya wazazi wa Vingunguti, Buguruni, Kiwalani na Tabata wanaofanya kazi katika viwanda na maghala ya kandokando ya Barabara ya Nyerere, kwa sababu nilipokuwa nikitafuta mahali pa kumwacha binti yangu sikupata maelezo yoyote zaidi ya kuambiwa, "Mpeleke kwa yule mama, ni mtu mzuri." Uzuri wa mtu ni jambo jema, lakini haukunieleza mtoto atakula nini, atalala wapi, nani atambadilisha nepi, wala atakuwa na wenzake wangapi. Kituo chenyewe sitakitaja kwa jina, kwa kuwa nina mema na mabaya ya kusema, na mwenye kituo ni jirani ambaye tunakutana naye bombani karibu kila jioni.

Mimi ni mfungashaji wa bidhaa kiwandani, na zamu yangu huanza saa moja na nusu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, siku sita kwa wiki. Mume wangu ni dereva wa bajaji. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja, nami nilizipata siku zangu zote bila kuzungushwa. Darasa la awali katika shule ya serikali, ambalo halina ada tangu mwaka 2016, humpokea mtoto akiwa na umri wa miaka mitano hivi. Kwa hiyo kuanzia siku ya 85 hadi siku mtoto atakapovaa sare kuna zaidi ya miaka minne ambayo kila familia hujitafutia yenyewe, na asiyekuwa na mama mzazi wala dada wa karibu hapa Dar es Salaam hujua uzito wake siku ya kwanza ya kurudi kazini. Sheria hiyohiyo inamruhusu mama anayenyonyesha muda usiozidi saa mbili kwa siku kwa ajili hiyo, ila mtoto akiwa mbali na kiwanda muda wote huo huishia barabarani, hasa kipindi kile Barabara ya Nyerere ilipochimbwa kwa ajili ya njia ya mabasi ya mwendokasi. Nashukuru kwamba msimamizi wangu alikubali niutumie mwishoni mwa zamu, nikawa natoka saa tisa.

Kabla ya kituo tulijaribu dada wa kazi. Tulimlipa 70,000 kwa mwezi pamoja na chakula na malazi, lakini tunaishi katika chumba na sebule, na binti wa watu wa miaka kumi na tisa kulala sebuleni nyuma ya pazia halikuwa jambo la heshima kwake wala kwetu. Aliondoka baada ya wiki sita, na simlaumu. Mama mkwe aliyeko Korogwe alikuwa tayari kumchukua mjukuu wake, ila mtoto wa miezi minne ambaye hajaachishwa ziwa huwezi kumpandisha basi ukarudi peke yako.

Nilipoanza, kituo kilitoza 2,000 kwa siku, au 45,000 kwa mwezi kwa anayelipa mwanzoni mwa mwezi. Bei hiyo ina uji wa saa nne na chakula cha mchana, ilhali nepi na maziwa mzazi huleta mwenyewe. Kwa kulinganisha, vituo viwili nilivyotembelea upande wa Tabata, vyenye bembea na geti lililopakwa rangi, vilitaka 150,000 kwa mwezi pamoja na ada ya kuandikishwa na sare, wakati mshahara wangu baada ya makato haufiki laki mbili na nusu. Hata hivyo ile bei ya chini nayo ina mtego wake. Mimi, kwa kuwa pesa ya bajaji huingia kwa siku, nililipa kwa siku, na siku 26 za kazi zikawa zinanigharimu 52,000, yaani 7,000 zaidi ya yule mwenye uwezo wa kutoa kwa mkupuo. Nilimweleza mwenye kituo hesabu hiyo mwezi wa tatu, akafikiri kidogo, akasema nilipe 11,000 kila Jumatatu. Anayekwenda aulize malipo ya wiki, kwani hayajaandikwa popote.

Siku ya kwanza nilikuta watoto kumi na wanne katika chumba kimoja kikubwa chenye madirisha mawili, mikeka iliyofagiliwa, ndoo yenye koki karibu na mlango, na jiko la mkaa uani nyuma ya ukuta mfupi ambao mtoto anayetambaa hawezi kuuvuka. Kulikuwa na mwenye kituo, ambaye sote tunamwita Mama Mkubwa, na walezi wawili wanaolipwa. Ukutani palikuwa na bango la Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ile iliyozinduliwa Desemba 2021, lenye yale maeneo matano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, fursa za ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Mabango hubandikwa hata ofisini ambako hayasomwi, kwa hiyo sikulitilia maanani. Kilichonishawishi ni mlezi mmoja kijana aliyekuwa akimlisha mtoto wa miezi minane hivi. Mtoto aligeuza uso. Mlezi akashusha kijiko, akamwambia taratibu, "Basi, pumzika kwanza," akasubiri, akaanza kumchezea vidole vya miguu kimojakimoja, na mtoto alipocheka na kufungua kinywa ndipo kijiko kikarudi. Wengi wetu tumelelewa kwa kubanwa pua ili uji upite. Niliandikisha jina hapohapo.

Uji wao ni mzuri na naweza kuutetea. Mtaani kuna unga uitwao wa lishe ambao ndani yake mna mahindi, ulezi, mchele, ngano, soya, karanga na kila kilichobaki kabatini, vyote vimesagwa pamoja kana kwamba wingi wa nafaka ndio ubora. Mama Mkubwa hutumia mahindi na ulezi tu, karanga huzisaga kivyake na kuziweka sufuria ikiwa jikoni, na kila mzazi huulizwa kwanza kama mtoto aliwahi kutokwa na vipele au kuvimba baada ya kula karanga. Chakula cha mchana ni wali au ugali na maharage, mchicha mara nyingi, na dagaa Jumatano na Ijumaa. Matunda huonekana wakati wa msimu wa maembe, miezi mingine ni kwa nadra. Maziwa niliyokamua niliyapeleka katika chupa ndogo ndani ya chombo cha kutunzia ubaridi, pamoja na vipande vya barafu za kununua dukani, kwa sababu kituo hakina friji na joto letu halina huruma. Walimpa binti yangu kabla ya saa nne, na yaliyobaki waliyamwaga bila kunifichia.

Kuna hofu ambayo akina mama huinong'ona bila kuiandika, kwamba baadhi ya walezi huwapa watoto dawa ya mafua ili walale mchana kutwa. Nami nilikuwa nayo. Nikaomba ruhusa kazini mara mbili, siku tofauti, nikafika saa nane mchana bila kutoa taarifa. Mara ya kwanza watoto tisa walikuwa wamelala, watano wakicheza na vifuniko vya chupa vilivyofungwa kwenye kamba, na mmoja akilia mgongoni mwa mlezi. Mara ya pili kelele zilisikika tangu barabarani. Zile kelele zilinipa amani kuliko ukimya wowote. Mama Mkubwa alielewa kwa nini nimekuja, akaniambia tu, "Karibu mama, hata kesho njoo," na hakuninunia.

Sasa niseme yaliyoniudhi. Mwezi Machi wa mwaka uliofuata mlezi yule kijana aliacha kazi. Wiki mbili baadaye nilimvua binti yangu nguo jioni, nikakuta nepi ya kitambaa imefungwa kwa fundo langu. Mimi hufunga fundo kwa upande wa kushoto, mara mbili, kwa sababu bibi yangu alinifundisha hivyo. Walezi wa kituo hutumia pini. Ile ilikuwa nepi ya asubuhi, imelowa, imekauka, imelowa tena, na ngozi yake ilikuwa nyekundu hadi mapajani. Sikulala. Asubuhi nilifika saa kumi na mbili kasoro robo, kabla mlango haujafunguliwa, nikiwa na maneno makali niliyoyapanga usiku kucha.

Mama Mkubwa hakukana. Aliniketisha kwenye kigoda, akaleta daftari lake na kunifungulia. Watoto kumi na wanne, wote wakija na wote wakilipa, ni 28,000 kwa siku. Walezi wawili kwa 6,000 kila mmoja ni 12,000, chakula na mkaa na maji ni 9,000 hivi, kodi ya nyumba ukiigawanya ni kama 3,000 kwa siku ya kazi, na yeye hubaki na 4,000. Watoto wawili wakiugua, hana kitu. Yule kijana alipata kazi ya kumsaidia mama lishe mmoja karibu na viwanda, 8,000 kwa siku, na huko hakuna nepi. Ili kuongeza mshahara wa kumpata mwingine, Mama Mkubwa alikuwa amepokea watoto watano zaidi, hivyo wakawa kumi na tisa kwa mlezi mmoja, huku mwenyewe akiwa jikoni au sokoni nusu ya siku. Alijaribu kuziba shimo kwa kuchimba jingine. Nilimwambia hivyo, naye akakubali.

Tangu siku ile sikitathmini tena kituo kwa kuangalia vifaa vya kuchezea. Mtoto chini ya mwaka mmoja anahitaji mikono, na mikono ndiyo gharama ambayo bei yetu hailipi vya kutosha. Mimi ninaweza kwenda kazini kwa 2,000 kwa sababu mwanamke mwingine amekubali 6,000 kwa siku nzima ya kubeba watoto wa watu. Wazazi saba tulikutana Jumapili iliyofuata na kukubaliana kuongeza 300 kwa siku, nyongeza yote iende kwa walezi, na idadi isizidi watoto kumi na tano. Mlezi mpya alianza wiki ya pili ya Aprili, kwa 7,500. Lakini niandike na hili: mama mmoja anayeuza mihogo ya kukaanga stendi hakuweza hiyo 300, kwani ana watoto wawili pale, akawaondoa, na sasa wanashinda na dada yao wa darasa la tatu kila siku ambayo hakwenda shule. Nyongeza yangu mimi ilimtoa yeye, na sijapata namna ya kulisema jambo hilo likawa jepesi.

Kuhusu usajili, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka vituo vya namna hii visajiliwe, na wakati naanza chetu kilikuwa na barua ya serikali ya mtaa pekee. Afisa ustawi wa jamii alipofika alitaka mlango wa pili wa dharura, choo cha watoto na kitabu cha kuandika anayemchukua mtoto. Kitabu kilianza kesho yake, choo kilijengwa kwa mkopo wa kikoba, na mlango wa pili umetobolewa lakini hadi leo unafunguka nusu kwa sababu ya ukuta wa jirani. Hilo ni kasoro kubwa kwa nyumba yenye jiko la mkaa, na nimelisema kila nilipopata nafasi.

Wakati wa masika kituo kilifungwa siku mbili, maji ya upande wa Mto Msimbazi yalipoingia hadi kizingitini. Hatukutozwa siku hizo, ingawa kiwandani nilikatwa. Kuchelewa kumchukua mtoto baada ya saa kumi na mbili jioni hutozwa 500 kwa kila nusu saa, na nimelipa mara nyingi kutokana na foleni. Siku moja tu nilifika saa mbili usiku, nikamkuta binti yangu ameoga, amekula, amelala kitandani mwa Mama Mkubwa, na siku hiyo aliikataa pesa.

Binti yangu sasa anakaribia miaka miwili, anajua kunawa mikono mwenyewe na kuimba nusu ya nyimbo zote. Ninaendelea kumpeleka. Anayetaka kumleta mtoto aje saa nane mchana, asije asubuhi wakati kila kitu kimepangwa, ahesabu watoto na ahesabu watu wazima walio chumbani, wala si walio uani. Siku ya kuandikisha abebe kadi ya kliniki, nepi sita, shuka dogo na nguo mbili za akiba, na aandike jina la mtoto kwenye chupa na kwenye kifuniko chake pia, kwa sababu mimi nimeshapoteza vinne.