Beji kifuani au uulize mwenyewe, kipi bora?

Huku kwetu Mtwara yeyote mwenye koti jeupe ni "dokta", awe nesi, tabibu au daktari kamili, wakati tabibu amesoma diploma miaka 3 na daktari miaka 5 ya chuo kikuu halafu mwaka mzima wa intanship, yaani mafunzo kwa vitendo hospitalini. Sasa wengine wanasema wahudumu wa afya walazimishwe kuvaa beji yenye jina na taaluma, wengine wanasema mgonjwa aulize tu.

Kwa gharama, kuuliza ni bure, ila beji nayo sio hela ya kumshinda mwenye kituo. Shida ipo kwenye kuuliza kwenyewe, maana bibi katoka Nanyamba na bodaboda, mjukuu anachemka homa, anaingia anasema shikamoo dokta, huyo ataanzaje kuuliza "samahani mwanangu, wewe umesomea nini?" Hawezi, ataona kama anatukana. Hapo beji inashinda kabisa, ilimradi iwe na maandishi makubwa ya Kiswahili, sio ile imefutika au imegeukia ndani.

Ila kwa uhakika beji peke yake haitoshi, yeyote anaweza kuprinti. Ukiuliza jina kamili na namba ya usajili unaweza kuhakiki Baraza la Madaktari Tanganyika, na kwa nesi ni Baraza la Uuguzi na Ukunga.

Kwa homa ya kawaida mi naona beji inatosha, na tabibu anaiweza vizuri tu. Kama unaambiwa operesheni, au duka la dawa wanataka kukuchoma sindano, uliza, hata kama wa nyuma kwenye foleni wanaguna.