Mwaridi 'Aloha' kwenye bustani ndogo: uzoefu wangu

Bustani yangu ni ukanda mwembamba wa udongo ulio kati ya njia na uzio wa mbao wenye kimo cha mita 2. Nilipoamua kuufunika uzio huo kwa maua, sharti langu la kwanza lilikuwa kwamba mmea nitakaoupanda uwe unajua kukoma. Miwaridi mingi inayouzwa kwa ajili ya kupanda ukutani hufika mita 5 au zaidi, na mwenye uzio mfupi hulazimika kuikata mara kwa mara, tena akikata matawi yale yale ambayo yangempa maua. Nilichagua 'Aloha' kwa sababu hukomea takribani mita 2.5 hadi 3 kwenda juu, na hutanuka kiasi cha mita 1.5 hadi 2. Nimekaa nao muda wa kutosha kueleza sifa zake na kasoro zake, na nasema mapema kwamba ningeuchagua tena.

Huu si mwaridi mpya. Ulizalishwa Marekani na Eugene Boerner wa kampuni ya Jackson & Perkins, ukaingia sokoni mwaka 1949. Mmoja wa wazazi wake ni 'New Dawn', mwaridi mashuhuri ambao mwaka 1931 ulipewa hataza ya kwanza kabisa ya mmea nchini Marekani. Nasaba hiyo inaonekana bustanini. 'New Dawn' una majani ya kung'aa yasiyougua ovyo na una tabia ya kurudia kutoa maua, na mambo hayo mawili 'Aloha' imeyarithi, ila haikurithi ukubwa wa mzazi wake, jambo ambalo kwa mwenye eneo dogo ni heri. Baadaye David Austin wa Uingereza aliutumia 'Aloha' kuzalisha 'Abraham Darby', uliotoka mwaka 1985, na mtu akiyatazama maua ya miwaridi hiyo miwili kwa karibu haoni ugumu kukubali kwamba ni ndugu.

Maua yenyewe yanastahili kuelezwa kwa utulivu. Tumba likiwa bado limefunga huwa na rangi ya waridi iliyokolea. Linapofunguka, upande wa ndani wa petali hubaki mwepesi na wa nje hubaki mzito, kwa hiyo ua moja hubeba rangi mbili kwa wakati mmoja, na katikati yake hutokea wekundu hafifu wenye kuelekea rangi ya chungwa. Petali ni zaidi ya 50, zimejipanga kwa kubanana, na ua likikamilika hufika upana wa sentimita 9 hivi. Kwa sababu ya uzito huo wote, kikonyo huinama kidogo. Wapo wanaoiona hali hiyo kuwa dosari, nami sikubaliani nao, kwa kuwa katika mmea unaopanda juu ua linaloinama ndilo linalomtazama mtu aliyesimama chini yake. Harufu yake ni tamu na nzito, yenye dokezo la tofaa, na husikika zaidi asubuhi kabla jua halijawa kali. Hapo ndipo ufupi wa mmea huu unapoleta faida ambayo miwaridi mikubwa haiwezi kuitoa: maua mengi hukaa usawa wa kifua na uso, mtu akayanusa bila ngazi.

Jambo ambalo ningependa kila mnunuzi alifahamu kabla ya kupanda ni ugumu wa matawi. Chipukizi la 'Aloha' huanza likiwa laini, lenye wekundu kidogo, nalo hupindika bila tabu. Likiachwa hadi mwisho wa msimu hukakamaa, na ukilishurutisha linavunjika. Kwa hiyo kazi ya kulielekeza haiahirishwi. Mimi hulishika kwa mkono wenye glovu nene karibu na sehemu ninayotaka ipinde, nikalishusha kidogo kidogo huku mkono wa pili ukitembea kuelekea nchani, kisha nikalifunga kwenye waya kwa kamba laini iliyozungushwa kwa umbo la tarakimu 8, ili tawi lisisuguane na waya na pia lipate nafasi ya kunenepa. Tawi likigoma, nalifunga pale lilipofikia na kulishusha tena baada ya siku chache.

Sababu ya kujisumbua hivyo ni ya kimaumbile. Tawi linaposimama wima, kichomozo cha juu kabisa hutoa homoni iitwayo oksini, ambayo huvizuia vichomozo vya chini kuchipua. Matokeo yake ni mmea wenye kichwa cha maua na miguu mitupu. Tawi likilazwa, au hata likiinamishwa tu kimshazari, zuio hilo hupungua, na karibu kila kichomozo kilichoko kwenye urefu wake huamka na kutoa kitawi kifupi chenye maua. Matawi mawili ya rika moja, moja likiwa limelazwa na jingine likiwa limeachwa lisimame, yanatosha kumthibitishia yeyote jambo hili: la kwanza huchanua kuanzia karibu na shina hadi nchani, la pili huchanua juu tu. Karatasi ya maelezo iliyokuja na mche wangu haikutaja neno lolote kuhusu kulaza matawi, badala yake iliagiza mmea ukatwe hadi nusu kila mwaka. Ushauri huo unafaa miwaridi ya vichaka, lakini kwa mwaridi wa kupanda ukutani unamnyima mwenye bustani maua mengi ambayo ameshayalipia, na muuzaji angepaswa kuurekebisha.

Nyaya zangu zimetandazwa mlalo, wa kwanza ukiwa sentimita 45 kutoka ardhini na unaofuata kila baada ya sentimita 40 hivi, zikiwa zimeshikwa na skrubu ndefu zinazoacha nafasi ya sentimita 8 kati ya waya na ubao. Nafasi hiyo haipaswi kudharauliwa, kwa maana hewa isiyotembea nyuma ya majani huyaweka yakiwa mabichi kwa muda mrefu, na ukungu hupenda unyevu wa namna hiyo. Shina nililipanda sentimita 40 mbele ya uzio, nikiliegemeza nyuma, kwa sababu udongo ulio chini kabisa ya uzio hukosa mvua hata siku ambazo bustani nzima imelowa. Mahali mche ulipobebeshwa, yaani palipounganishwa mwaridi huu na shina la mizizi la mwaridi mwingine, pamezama kidogo chini ya udongo. Juu yake naweka mboji iliyoiva na matandazo yasiyogusa shina, na namwagilia kwa nadra lakini kwa wingi, ili mizizi ifuate maji chini badala ya kuyasubiri juu.

Kasoro kubwa ya 'Aloha' ni polepole yake. Mwaka wa kwanza hutoa maua machache na huonekana kama umedumaa, ilhali unajenga mizizi, na kwa kawaida huchukua takribani miaka mitatu kuijaza nafasi yake. Anayetaka kuficha ukuta kwa haraka asiununue. Pia unataka jua kwa muda wa saa 5 au 6 kila siku, maana kivulini huishi, lakini matumba hupungua waziwazi.

Kuhusu afya, majani yake ni mazito, ya kijani kilichoiva, na hustahimili magonjwa vizuri kuliko miwaridi mingine niliyowahi kuitunza. Mvua inapoendelea kwa muda, madoa meusi hujitokeza kwenye majani ya chini. Nayaokota yote yanayoanguka, kwa kuwa vimelea vya ugonjwa huo hubaki kwenye majani makavu na kurukia mapya matone yanapogonga ardhi. Vidukari huja kwenye matumba machanga, na maji yanayotoka kwa nguvu kwenye mpira wa kumwagilia huwaondoa bila dawa.

Upogoaji ni mwepesi kuliko watu wanavyodhani. Miaka miwili ya kwanza nilikata tu vilivyokufa na vilivyovunjika. Sasa, mmea unapokuwa umepumzika, navifupisha vitawi vilivyochanua hadi vichomozo 2 au 3, matawi makuu nayaacha, na moja lililozeeka kuliko yote naliondoa toka chini pale tu ninapoona chipukizi jipya la kushika nafasi yake. Wakati wa maua, kila ua lililonyauka linakatwa juu ya jani zima lenye afya. Bila hivyo mkupuo wa pili huchelewa, na mkupuo wa pili wa 'Aloha' ni wa kusubiriwa, kwani maua yake ni machache kuliko ya kwanza ila rangi yake mara nyingi imekolea zaidi.

Kwa asiye na udongo kabisa, unaweza pia kuishi ndani ya chungu chenye kina cha sentimita 45 au zaidi, mradi apatikane mtu wa kukilisha na kukimwagilia kila mara. Mwenye ardhi, hata ukanda mdogo, aupande ardhini.

Wakati wa kununua, angalia rangi iliyoandikwa na si jina pekee. Kampuni ya Kordes ya Ujerumani nayo ina mwaridi wa kupanda ukutani unaouzwa kwa jina hilohilo la 'Aloha', ambao maua yake ni ya rangi ya aprikoti. Ninaouzungumzia mimi ni ule wa Boerner wa mwaka 1949, wa rangi ya waridi, na ni vyema kumtajia muuzaji mwaka huo kabla ya kulipa.