Masikio ya Snoopy yamechuja: uzoefu wangu na kifurushi cha kroshia

Nilinunua kifurushi hiki, chenye uzi na mwongozo wa kumfuma Snoopy, yule mbwa mweupe wa katuni mwenye masikio meusi, kwa mapenzi, na ningependa hilo lieleweke kabla sijaanza kulalamika. Tulipokuwa shuleni, kaka yangu mkubwa alikuwa akimchora Snoopy kwenye jalada la kila daftari lake. Alianza na pua, akavuta mstari wa uso bila kuinua kalamu, kisha akamalizia na sikio, ambalo alilipaka wino mweusi polepole huku mimi nikiwa nimeinama juu ya bega lake. Kabla ya sikio hilo, mchoro ungeweza kuwa wa mnyama yeyote. Likishatiwa weusi, alikuwa ni yeye. Kwa hiyo kaka yangu alipokaribia siku yake ya kuzaliwa hivi majuzi, niliamua kumfumia Snoopy wa kushikika mkononi, na kumpigia picha akiwa katika shughuli za kila siku, juu ya meza ya chai, ndani ya mfuko wa kazini, kando ya kitabu kilichofunguliwa, ili ampokee pamoja na albamu yake.

Niseme ukweli kuhusu mwongozo: aliyeuandika anamjua mbwa huyu. Snoopy ni mgumu kufuma kuliko anavyoonekana, kwa sababu kwenye karatasi tumezoea kumwona kwa ubavu, na uso wake ukigeuzwa kuwa kitu chenye unene huharibika upesi. Pua ikiinuka kidogo, anakuwa nguruwe. Mdomo ukirefuka mno, anakuwa mbweha. Hapa kichwa na mdomo vinafumwa kwa mzunguko mmoja usiokatika, mishono inaongezwa upande wa chini tu, na ukishajaza pamba unapata lile shavu la duara ambalo sikulitarajia. Nilifurahi kiasi cha kuamka usiku kumtazama tena.

Hata paa limefikiriwa. Charles Schulz, mchoraji aliyembuni Snoopy, alichora kibanda chake kwa ubavu, na ndiyo maana mbwa anaweza kulala chali juu yake kana kwamba paa ni mstari ulionyooka. Mwanasesere halisi akiwekwa juu ya paa lenye ncha huteleza na kuanguka, na wengi wanaojaribu kumpiga picha hukata tamaa hapo. Mwongozo unashauri kupitisha waya mwembamba mgongoni, kisha kuishusha kamera hadi ilingane kabisa na kilele cha paa na kupiga kutoka upande mmoja tu. Nilijaribu kwa kibanda cha boksi, na kilichotokea kwenye picha ni mchoro wenyewe. Jioni hiyo ningekipa kifurushi hiki nyota tano bila kusita.

Kisha ikaja hatua ya mwisho, ambayo imechapishwa kwenye mwongozo wao wenyewe: mloweke mwanasesere katika maji ya uvuguvugu ili kuondoa uchafu wa mikono, mkamue taratibu, mwanike kivulini. Nilifanya hivyo hivyo. Ule utepe mwekundu wa shingoni, ambao ndio niliokuwa nikiuogopa, haukutoa hata tone la rangi. Uzi mweusi wa masikio ndio uliochuja. Maji yaligeuka kama ya kuoshea kalamu za wino, na kabla sijamtoa, weusi ulikuwa umeshuka kutoka kwenye masikio yote mawili, ukapita mashavuni na kuishia shingoni. Wiki tatu za kazi ya usiku. Nilimsuuza kwa maji baridi mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na doa lilififia, lakini lilibaki: kijivu kilichopauka, mithili ya masizi, mahali pale pale ambapo Snoopy anapaswa kuwa mweupe kupita kila kitu.

Uzi kuchuja si ajabu, nami si mgeni wa sindano. Uzi wa pamba wa rangi iliyokolea unaweza kubaki na rangi ya ziada isiyoshika, hasa usiposuuzwa vya kutosha kiwandani, na mstari mmoja kwenye mwongozo ungetosha: osheni uzi mweusi peke yake mpaka maji yawe safi, ndipo mfume. Kosa kama hilo ningelisamehe. Nilichoshindwa kusamehe ni jibu. Niliwaandikia wenye duka kwa heshima, nikaambatanisha picha, nikaomba uzi mwingine tu, si fedha. Mhudumu akanijibu: “Dada, huyo ni mbwa wa katuni tu. Mweke mbali kidogo na kamera, hakuna atakayeona.”

Ni mbwa wa katuni tu! Mtu anauza kifurushi chenye sura ya mbwa huyu juu ya boksi, kisha anamwambia mnunuzi kwamba mbwa mwenyewe hana uzito. Schulz alimchora kuanzia mwaka 1950 hadi mwaka 2000, na hakuajiri mtu wa kumchorea hata pale mkono wake ulipoanza kutetemeka. Vipande 17,897 vya katuni, na kila sikio jeusi ndani yake lilitoka kwenye kalamu yake. Mwezi Mei 1969, wanaanga wawili wa Apollo 10, safari ya Marekani ya kwenda Mwezini, walishuka hadi takriban kilomita 15 juu ya uso wa Mwezi wakiwa ndani ya chombo kilichoitwa Snoopy, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kupeleleza mahali ambapo wenzao wangetua. Tangu mwaka 1968, wanaanga wa NASA, shirika la anga la Marekani, huwatunuku wafanyakazi waliosaidia kulinda usalama wa safari zao pini ndogo ya fedha yenye umbo lake, pini ambayo yenyewe imeshasafiri angani. Kofia ya mawasiliano ya wanaanga, nyeupe katikati na nyeusi pande mbili, imepewa jina lake kwa sababu ya masikio hayo hayo. Watu wanaokabidhi maisha yao kwa vyombo vya anga hawakumwona kuwa ni katuni tu.

Na ushauri wa kamera ni wa mtu ambaye hajawahi kumpiga picha mwanasesere mweupe. Kamera ikijazwa weupe hudhani mwanga umezidi, nayo huupunguza, hivyo mbwa mzima hutoka wa kijivu. Ili awe mweupe inakupasa kuongeza mwanga wa picha kwa hatua moja au zaidi, na ukiongeza, doa ndilo linalojitokeza la kwanza. Nilimsogeza mbali, nikamgeuza, nikamweka dirishani kwenye mwanga laini, nikamziba shavu kwa kikombe. Katika kila picha jicho langu lilikwenda moja kwa moja kwenye shavu, na najua la kaka yangu lingekwenda huko huko.

Nilipoanza kuandika maoni haya nilikuwa nimeweka nyota tatu, kwa heshima ya aliyebuni mwongozo. Nilipofika kwenye jibu la mhudumu nikaondoa mbili. Sasa nimemtazama tena akiwa amelala juu ya kibanda chake cha boksi, tumbo juu na miguu hewani, na sioni haki ya kumpa nyota moja mtu aliyenifundisha kufuma shavu lile. Kwa hiyo mwongozo naupa tano, uzi hauna hata moja, na duka sitarudi. Anayetaka mwongozo aununue, ila weusi autafute kwingine.

Siku ya kuzaliwa imepita na sijampelekea kaka chochote. Nimefumua masikio yote mawili na pia safu za juu za kichwa, na uzi mweusi uliobaki nimeuloweka ili nijue kama unaweza kuokolewa. Bakuli la tano liko mbele yangu ninapoandika, na maji yake bado ni ya kijivu.